Marehemu Mtambo wa Jua

Katika nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi litajwe bila miadi, jua ni jingi mno. Linachomoza bila kuagizwa, linakausha mihogo, linapasua midomo ya watu, na jioni linaondoka zake bila kudai posho. Umeme ndio haba. Serikali ilipoona wananchi wanataabika kwa giza ilhali mchana kutwa wanaungua, iliumia sana moyoni. Ikaunda Wizara ya Jua.

Niseme mapema kwamba mimi ni mpenzi wa Serikali, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa kuisifu. Msomaji akicheka, acheke kwa hiari yake na asinitaje.

Kwetu ni Makorongo. Nguzo za umeme wa taifa zilianza safari ya kuja kwetu enzi za baba zetu, zikakata tamaa njiani, na mpaka leo zimesimama huko nyuma ya milima, ndege wanazitumia. Zahanati tunayo. Inaendeshwa na Nesi Semeni Chapuga, mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na ulimi usiokuwa na pazia. Nesi Semeni alizalisha watoto wa Makorongo kwa tochi ya simu, ameing'ata kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Friji ya chanjo alikuwa nayo, ililetwa na wafadhili waliosahau kuuliza kama kuna umeme, naye alihifadhia sare zake ndani. Chanjo zenyewe zilikuja siku za kliniki kutoka wilayani, juu ya pikipiki, ndani ya kasha la barafu.

Siku nyingi mambo yalikwenda hivyohivyo, ya Mungu mengi. Siku nyingine hayakwenda. Nyamizi, mke wa fundi baiskeli, alikuja kujifungua mimba yake ya kwanza, na katikati ya kazi simu ya nesi ikaishiwa chaji. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Nesi alipapasa gizani kama kipofu, akachelewa. Mtoto alizikwa asubuhi yake. Nesi Semeni hakulia mbele ya watu, lakini tangu siku ile kila kiongozi aliyekanyaga Makorongo, hata aliyepotea njia tu, alikutana naye barabarani akiwa amesimama na mikono kiunoni.

"Umeme lini?" alikuwa akiwauliza. Salamu yake ikawa hiyo.

*

Ndipo nchi rafiki ilipotupa msaada wa mtambo. Lilikuwa trela lenye magurudumu, paneli zake zinakunjuka huku na huku kama mbawa za kumbikumbi, na chini yake makasha ya betri yaliyopangwa vizuri. Dereva aliyelivuta kwa lori, kijana mtulivu aitwaye Chande, alitueleza kwa lugha nyepesi: paneli zinakula jua mchana, betri zinatunza, giza likiingia mnatumia. Unauweka popote pasipo na nguzo, unaunga waya, basi.

Nesi Semeni alilishika lile trela kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari. "Linatosha friji?"

"Friji, taa, na chaji za simu za kijiji kizima, dada."

"Na litakaa hapa?"

Chande alijikuna kisogo. "Mimi dereva tu, dada. Nakwenda ninakoambiwa."

Nyamizi naye alikuwapo. Tumbo lake la pili lilikuwa limeanza kuonekana. Alisogea, akaweka kiganja chake juu ya kasha moja la betri, akakiacha hapo kidogo.

Aliyetangulia kuja na mtambo alikuwa Bwana Hizza Kerenge, Mkuu wa Itifaki wa Wizara ya Jua. Mtu mwembamba, suti nyeusi, filimbi shingoni. Alipowasili tu aliagiza mawe yote ya kando ya barabara yapakwe chokaa, mbuzi wote wafungwe na watoto wenye vikohozi wakae nyuma. Kisha akamwona Chande anakunjua paneli uwanjani, filimbi ikalia.

"Wewe! Mtambo unauweka juani?"

"Ndiyo, bosi. Ni wa jua."

"Mali ya Serikali ikae juani kama kishuka cha mtoto! Mgeni rasmi awe kivulini, mtambo uungue? Picha gani hiyo?"

Wakausimamishia mtambo turubai kubwa, lenye marinda ya rangi za taifa pembeni. Paneli zikakaa kwenye kivuli kizuri, zikapulizwa manukato. Betri zikawa hazina kitu. Kwa kuwa taa ilipaswa kuwaka siku ya uzinduzi, Bwana Kerenge akaleta jenereta la dizeli, likafichwa nyuma ya choo cha zahanati, likawa linaunguruma na kumwaga moshi ili kuujaza mtambo wa jua.

Nesi Semeni alilizunguka jenereta lile mara kadhaa. "Bwana mkubwa," akasema, "kama mna jenereta, si mngetuachia hilo tu?"

"Jenereta haliko kwenye programu, mama."

*

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Jua mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Baltazari Kivurande. Udaktari aliupata kwa kutunukiwa na uhandisi kwa kuzoeleka. Alishuka garini amevaa miwani myeusi, maana jua lilikuwa linamsumbua.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Jua mnaloliona hapo juu, awamu zilizopita nazo zilikuwa nalo. Lilelile! Lakini zililifanyia nini? Zililiacha likazama! Kila siku linazama, wao wanaangalia tu! Awamu hii tumesema, hapana!"

Tukapiga makofi. Bwana Kerenge alikuwa anatuonyesha kwa mkono lini tuanze na lini tuishie.

"Na umeme huu, ndugu zangu, si kama ule wa nguzo, wa kusimama mahali pamoja kama mzururaji. Huu ni umeme wa kubebeka! Anayebisha na aje aubebe!"

Akakata utepe, akabonyeza kitufe, na taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka. Sitadanganya: vigelegele vilivyopigwa siku ile havikuongozwa na mkono wa mtu. Nesi Semeni alikimbia ndani, akatoa sare zake kwenye friji, akaweka kiganja, akahisi ubaridi unakuja. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama nesi," akauliza, "safari hii utaniona?"

"Nitakuona mpaka vinyweleo, mwanangu."

Picha zikapigwa. Mbuzi aliyechinjwa akaliwa na waliokuja kumla. Soda zilipokwisha, filimbi ya Bwana Kerenge ikalia, na vijana wa Wizara wakaanza kukunja paneli. Nesi Semeni alitoka mbio.

"Mnaupeleka wapi?"

"Kiwambo," Bwana Kerenge akajibu. "Unazinduliwa kesho."

"Na sisi?"

"Ninyi si mmeshazinduliwa?"

"Lakini taa imezimika!"

Waziri, aliyekuwa anaingia garini, alisimama akamtazama kwa huruma kubwa. "Mama, hukusikiliza hotuba? Ni umeme wa kubebeka. Sasa tusipoubeba, tutakuwa tumewadanganya wananchi."

Wakaubeba. Vumbi lilipotulia tuliona mawe yetu meupe yamepangana pande zote mbili za barabara, yanapendeza kweli.

*

Wenye roho mbaya watasema hatukufaidika. Si kweli. Kwenye ramani ya Wizara, Makorongo ilipakwa rangi ya manjano, maana yake pana umeme. Na mahali penye umeme, kama kila mwenye akili ajuavyo, hapahitaji kasha la barafu. Kwa hiyo pikipiki ya chanjo ikaacha kuja. Mafuta ya taa ya zahanati, yaliyokuwa yakija kwa kubahatisha, nayo yakasitishwa. Nesi Semeni akafunga safari hadi wilayani, akaingizwa kwa afisa mmoja mwenye kikombe cha chai.

"Tunataka chanjo zetu," akasema.

"Zitaletwa kwa jumla, mkazihifadhi. Mna friji, mna umeme."

"Umeme wenyewe uliondoka siku ileile."

Afisa alimwonyesha gazeti ukutani, Waziri akiwa amenyoosha kidole na taa inawaka nyuma yake. "Hii si zahanati yako?"

"Ni yangu."

"Na hii si taa inawaka?"

"Inawaka, lakini kwenye gazeti."

"Basi mama, nani nimwamini, wewe au gazeti la Serikali?" Akanywa chai.

Surua ilipita Makorongo msimu ule. Tulizika watoto. Hapo sina la kuchekesha. Nesi Semeni alizunguka nyumba hadi nyumba na beseni la maji na kitambaa, akapungua mwili, ulimi wake ukanyamaza. Tukaogopa zaidi kimya chake kuliko alivyokuwa akitufokea.

Wakati huohuo mtambo ulizinduliwa Kiwambo, ukazinduliwa kambi ya wachimba chumvi, ukazinduliwa kwenye shule ya bweni, gereza, na mnara wa simu ambao wenyewe ulikuwa na paneli zake. Kote huko ulikaa chini ya turubai na kujazwa kwa dizeli. Kisha, baada ya safari nyingi za namna hiyo, ilifika siku ya uzinduzi mkuu makao makuu ya nchi, mbele ya Mtukufu, mkuu wetu wa nchi, ambaye naye jina lake nalitunza.

Bwana Kerenge alirudi Makorongo kwa gari la Wizara. "Nesi," akasema, "umeteuliwa kuwa Mnufaika wa Mfano. Utasimama mbele ya Mtukufu umshukuru kwa umeme."

"Umeme upi?"

"Uliozinduliwa."

Tulidhani atamrushia beseni. Badala yake aliingia ndani akavaa sare nyeupe iliyopigwa pasi. Nyamizi, ambaye sasa alikuwa anatembea kwa kujishika mgongo, alimshika mkono.

"Unaniacha, mama nesi?"

"Narudi kabla yake," Nesi Semeni akasema, akimgusa tumbo. "Na sirudi mikono mitupu. Mtu akikuitia kipaza sauti, hukatai."

*

Uwanja wa makao makuu ulijaa. Mtambo ulikuwa katikati, chini ya turubai la hariri, umeunganishwa na bango kubwa la taa ambalo lingeandika ASANTE MTUKUFU. Nyuma ya jukwaa Nesi Semeni alimkuta Chande amejiinamia.

"Kaka Chande, mbona hivyo?"

"Dada, leo tunaaibika. Dizeli ya kuujazia imepotelea kwenye kamati. Betri hazina kitu hata chembe. Nimeomba waondoe turubai tangu jana, wakaniambia Mtukufu hawezi kubonyeza kitu kilichopigwa jua."

"Kwani umeharibika?"

"Haujaharibika. Una njaa tu. Uwekwe juani siku moja utaamka."

Mtukufu alihutubia, akabonyeza kitufe. Bango halikuwaka. Mawaziri waliokaa karibu walipiga makofi, wakidhani kutowaka ni sehemu ya programu. Mtukufu akabonyeza tena. Makofi yakapungua. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kisha akainua uso.

"Hiki kitu kimekufa?"

Msomaji asiyeishi kwetu hatauelewa uzito wa swali hilo. Mtukufu hajawahi kukosea. Alisema siku moja kwamba mvua itanyesha, na mpaka leo ile siku inahesabiwa kuwa ya mvua. Waziri Kivurande alisimama, jasho linamtoka chini ya miwani.

"Kimekufa, Mtukufu," akasema.

"Lini?"

"Hivi punde, Mtukufu. Ghafla."

"Kimekufa na nini?"

Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto. Aliona sare nyeupe. "Tunaye mtaalamu wa afya hapa, Mtukufu! Aje athibitishe!"

Nesi Semeni alipandishwa jukwaani. Alitoa kipimo chake cha kusikilizia mapigo, akakiweka juu ya kasha la betri. Baadaye alinisimulia kwamba pale alipoinama hakusikia kitu ila damu yake mwenyewe, inapiga masikioni. Akasema ukweli ulikuwa mdogo sana, ungesemwa kwa sentensi moja: ondoeni turubai. Lakini ukweli huo ungeuamsha mtambo, nao ukiamka ungebebwa kesho yake kwenda kuzinduliwa kwingine. Akamkumbuka Nyamizi.

Waziri alimwinamia sikioni. "Mama, tafadhali."

"Mheshimiwa," naye akanong'ona, "ama umekufa kwa kudra, ama umeuua wewe. Chagua, maana nasema sasa hivi."

"Kudra, mama. Kudra."

"Basi na mazishi nitachagua mimi."

Akasimama wima, akakishika kipaza sauti. "Mtukufu, amefariki."

Uwanja ukaguna.

"Sababu?" Mtukufu akauliza.

"Kukaa kivulini sana."

Mtukufu alilitafakari jibu hilo, akageuka taratibu akawatazama mawaziri wake mmoja mmoja, nao wakasogeza viti vyao kidogo kuelekea juani.

"Na kuna jambo jingine, Mtukufu. Tulipokuwa naye Makorongo, pale taa yake ilipowaka kwa mara ya kwanza, aliacha wosia. Alisema azikwe kwetu."

"Mtambo ulisema?" Bwana Kerenge akauliza, filimbi ikamdondoka.

"Ulisema," Waziri Kivurande akadakia haraka. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Ulisema kwa sauti ndogo."

Mtukufu alivua kofia. "Mtumishi aliyezunguka nchi nzima bila kupumzika," akasema. "Azikwe kwa heshima zote za taifa."

*

Njiani, lori likiwa limefungwa kitambaa cheusi na watu wamejipanga kando ya barabara wanatikisa vichwa kwa majonzi, Chande alisema akitazama barabara.

"Dada Semeni, tutafungwa. Umezika kitu kizima."

"Bado hatujazika. Wewe ukifika, jenga kaburi ninalokwambia."

Bwana Kerenge, ambaye mazishi aliyajua kuliko uzinduzi, alitaka shimo refu na udongo. Nesi alikataa.

"Huku kwetu marehemu wa heshima anajengewa kibanda cha matofali," akamwambia. "Na kinaachwa matundu."

"Matundu ya nini?"

"Apumue."

"Marehemu apumue?"

"Bwana Kerenge, wewe ndiye umfundishe mtu wa Makorongo mila za Makorongo?"

Itifaki inaheshimu mila. Betri zikawekwa ndani ya kibanda cha matofali ubavuni mwa zahanati. Paneli zikawa ndiyo jiwe la kaburi, zimelazwa juu ya paa zinatazama mbinguni. Waya mmoja ulipita chini ya ukuta hadi chumba cha kujifungulia. Bwana Kerenge alipouona aliambiwa ni kamba ya kumfunga marehemu na wafiwa. Mafundi walipoleta turubai, Nesi Semeni alilia kwa sauti, akajigaragaza.

"Kivuli tena! Kivuli si ndicho kilichomuua?"

Turubai likarudishwa garini. Serikali nzima ikakaa juani.

Ilikuwa bado asubuhi ya mazishi, paneli zimepandishwa alfajiri ile na wageni ndiyo kwanza wanashika viti, Nyamizi alipoinama na kushika ukuta. Uchungu umeanza. Nesi alimpeleka ndani, akampima, akatoka uso umebadilika. Akamfuata Chande nyuma ya kaburi.

"Mtoto amekaa vibaya. Atatusumbua mpaka jioni. Kule chumbani dirisha ni dogo, jua likishuka tu sioni kitu. Betri zinasemaje?"

Chande alichungulia kitaa kidogo kwenye kasha. "Zimeanza kula. Lakini zinataka mchana wote, dada. Na itifaki imesema hotuba zikiisha waya zote zikatwe, kaburi lipigwe plasta."

"Hotuba ziko ngapi?"

"Ya Waziri tu. Na Waziri anataka kuwahi mjini."

Nesi Semeni alifikiri. Kisha akatupitia sisi wananchi mmoja mmoja, anatunong'oneza: "Leo tumpende Waziri."

Sijawahi kuona kiongozi akipendwa namna ile. Waziri Kivurande alipomaliza wasifu wa marehemu na kukunja karatasi, tuliangua kilio. "Endelea, Mheshimiwa! Hujasema utoto wake!" Akashangaa, akaendelea. Alieleza utoto wa mtambo, ulivyozaliwa kiwandani ng'ambo ukiwa yatima. Akataka kukaa. "Na tabia yake, Mheshimiwa! Tutajifunza kwa nani?" Akasimulia tabia yake: haukuwahi kulewa, haukuwahi kudai nyongeza ya mshahara. Mke wa fundi seremala akazimia kwa makusudi, akapepewa. Waziri akaguswa. Kwa maisha yake yote alikuwa akisikilizwa kwa amri. Siku ile alidhani anasikilizwa kwa mapenzi, na jua likimchoma utosini alivua miwani, alivua koti, akaanza kusema mambo ambayo hayakuandikwa.

"Niwaambie kweli, ndugu zangu," akasema jioni ikikaribia, sauti imekauka. "Mimi mwenyewe sijui unafanyaje kazi. Niliogopa kuuliza. Waziri anamuuliza nani?"

Hapo hakuna aliyehitaji kunong'onezwa. Tulimpigia makofi ya kweli.

Chumbani Nesi Semeni alikuwa amefunga mlango. Kila alipotoka kuchota maji alimtazama Chande, na Chande alitikisa kichwa: bado. Jua likashuka nyuma ya milima. Dirisha likawa kijivu. Tukasikia Nyamizi analia, na safari hii kilio kilikuwa na hofu ya zamani ndani yake. "Sikuoni, mama nesi! Unaniona?"

Chande hakungoja kitaa kimwambie. Alipiga ishara ya msalaba, ingawa si dini yake, akabonyeza.

Taa ikawaka.

Ilitoka dirishani ikaangukia moja kwa moja kwenye uso wa Waziri. Akakatika katikati ya neno. Uwanja mzima, wafiwa na polisi na bendi, ukawa unatazama dirisha lile jeupe. Ndani tulimsikia Nesi anasema kwa utulivu kama mtu anayefuma mkeka: "Nakuona. Kitovu kimezunguka, nakiona. Usisukume. Ngoja. Ngoja nikitoe. Haya, sasa."

Bwana Kerenge alimsogelea Waziri, rangi imemtoka. "Mheshimiwa," akanong'ona karibu na kipaza sauti, nasi sote tukasikia, "marehemu amewaka."

Waziri alitazama taa. Akalitazama kaburi lenye matundu, akazitazama paneli zilizolala juu yake zimeshiba jua la mchana mzima, na akatuona sisi. Nadhani hapo ndipo alipojua unavyofanya kazi. Ilitosha aseme neno moja tu polisi wavunje kibanda, Nesi na Chande waondoke na pingu. Bendi ilikuwa imeshusha matarumbeta.

Ndipo mtoto akalia. Sauti kali, ya hasira, kama ya mtu aliyecheleweshwa.

"Kerenge," Waziri akasema, "Mtukufu alisema hiki kitu kimefanya nini?"

"Kimekufa, Mheshimiwa."

"Basi kimekufa. Wewe ukiona kinawaka, ni macho yako, na kazi huna." Akachukua koti lake, akalitia begani. "Na waya usikatwe. Hatuchezei maiti."

*

Siku ya arobaini ya marehemu, Waziri alirudi kwa kisomo, safari hii bila bendi. Alikuta friji imejaa chanjo, akina mama wamekaa foleni na watoto mgongoni, simu za kijiji zimepangwa juu ya kaburi zinachajiwa. Nyamizi alikuwa ameketi ukutani ananyonyesha. Binti yake alikuwa mnene, mwenye makelele, naye Nyamizi alikuwa amempa jina la Semeni. Waziri alimshika mtoto kidole, akakohoa, akaangalia huku na huku.

"Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "simu yangu imeishiwa."

"Weka hapo kwa marehemu, Mheshimiwa. Hana ubaguzi."

Alipokuwa anangoja simu yake, likaja kundi la wazee kutoka Kiwambo, wamevaa kanzu na makoti ya heshima, wametembea tangu alfajiri. Walimwamkia Waziri, wakatoa pole za msiba. Kisha mkubwa wao, Mzee Ligoma, akasafisha koo.

"Mheshimiwa, tumesikia nchi rafiki italeta mitambo mingine."

"Kweli, mzee wangu. Na Kiwambo mtazinduliwa tena, msiwe na wasiwasi."

Wazee walitazamana kwa fadhaa. Mzee Ligoma alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Tunashukuru, baba. Lakini ule mzima tulishauona, na mzima anasafiri sana. Sisi, kama Serikali haitaudhika, tulikuwa tunaomba mmoja aliyekufa."